Kentucky Ndogo ya Burat

Jumanne, 5 Agosti 2025

Siku nzuri. Karibu nizimie, lakini nzuri.

Mchungaji Lokuruka aliniita ofisini saa tatu. Mchungaji hapazi sauti akikasirika. Huishusha, na kadiri anavyoishusha ndivyo ninavyosogea mlangoni. Leo alinong'ona. Alisema mkataba wangu wa miezi sita, mimi Gichunge, karani wa Kanisa la Mto Hai, Isiolo, unakwisha Jumapili tarehe kumi na saba. Alisema kambi ya maombi ya mwaka jana kule Burat ilipata watu sitini na wanne, kumi na wawili kati yao wakiwa wapishi. Ya mwaka huu inaanza Ijumaa tarehe kumi na tano. Halafu akaniuliza kama mimi mtu wa digrii nina la kusema.

Nilisema watu mia tatu. Sijui namba hiyo ilitoka wapi. Nikiogopa, mdomo wangu hutangulia.

Mchungaji akasema sawa. Mia tatu, anasaini barua ya ajira ya kudumu. Pungufu hata ya mmoja, meza yangu inakwenda kwa Jeremy Lochoro, mpiga kinanda na kiongozi wa vijana, mtu ambaye hajawahi kufungua faili akalirudisha.

Haiwezekani. Nyumbani Nkubu, kule Meru, mama yangu ameshawaambia watu kwamba mimi ni katibu wa makanisa yote ya kaunti. Nikirudi na sanduku, atalazimika kuhama yeye.

Lakini sina wasiwasi. Nina mpango, tena wa kitaaluma. Tasnifu yangu ya mwaka wa nne ilihusu uamsho wa Kiprotestanti katika mipaka ya Marekani. Mwaka 1801, mahali paitwapo Cane Ridge, Kentucky, nchi ya vumbi, mifugo na nyumba zilizotawanyika kama hapa kwetu, kanisa dogo liliita watu kambini mwezi wa Agosti. Wakaja maelfu kwa mikokoteni. Wahubiri walisimama juu ya visiki. Watu walilia, walitetemeka, walianguka chini kama magunia. Siku kadhaa mfululizo.

Isiolo ni Kentucky. Haijaambiwa tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesoma tena tasnifu yangu. Imeandikwa vizuri sana.

Siri ya Kentucky nimeipata ukurasa wa thelathini na moja. Kadi. Wapresbiteri wa wakati ule hawakumruhusu mtu kuikaribia Meza ya Bwana hivihivi. Wazee wa kanisa walimhoji kwanza, na aliyefaa alipewa kipande kidogo cha madini. Bila kipande hicho, hakuna kukaa mezani. Mwanadamu akishapewa kitu cha kushika mkononi, atatembea hata siku mbili ili akitumie.

Madini sina. Nilikwenda kwa Abdiwali mwenye duka la fotokopi, nikamwonyesha mchoro wangu. Kadi ngumu iliyofunikwa plastiki, yenye namba, mhuri, jina, namba ya kitambulisho na idadi ya watu wa nyumba hiyo. Idadi ni muhimu kwa sababu ya mahema. Mimi ni mwangalifu.

Abdiwali aliikagua kadi mbele na nyuma, akaniuliza ni kilo ngapi kwa kila kichwa. Nilimweleza kwamba hatupimi watu. Akacheka, akasema ameelewa, siri ni siri, ila nisimsahau mama mkwe wake. Nikamwambia mama mkwe wake anakaribishwa kwa mikono miwili. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Sikujua kwamba fotokopi inaweza kumfanya mtu awe na moyo laini hivyo.

Jioni, kikao na Jeremy. Yeye anataka spika nne, taa za rangi na skrini. Nilimweleza kuhusu visiki. Akasema, "Profesa, hiyo Kentucky yako haina bass." Akaongeza kwamba nikijaribu kukata mti ili nipate kisiki, wazee wa Burat watanifanya mimi kisiki. Vijana wakacheka. Nilicheka pia, lakini kwa heshima.

Jumamosi, 9 Agosti

Ngaremara kwa bodaboda. Nilifumba macho njia nzima. Dereva aliniuliza kama ninaomba. Nilimwambia ndiyo, na haukuwa uongo.

Nilisimama kwenye kibaraza cha duka kando ya barabara kuu, nikatangaza kambi ya uamsho. Watu walisema habari, nikasema njema, wakaendelea na shughuli zao. Nilihubiri dakika kumi juu ya Kentucky. Mbuzi mmoja alisimama kunisikiliza, ila alikuwa akila karatasi za maelezo yangu.

Ndipo nikatoa daftari na kalamu. Nilimwuliza bibi mmoja aliyekuwa anauza makaa jina lake nani. Akasema Akiru. Nikauliza namba ya kitambulisho. Alikuwa nacho tayari, amekifunga kwenye kona ya leso. Nikauliza nyumbani wako wangapi. Akasema tisa. Nikampa kadi namba moja.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Kabla sijaandika jina la tatu, kulikuwa na foleni. Foleni iliyonyooka, wazee mbele, wajawazito pembeni, kila mtu ameshika kitambulisho. Hakuna aliyewaambia wapange. Mzee mmoja, Atabo, alichovya kidole gumba kwenye wino wangu wa mhuri na kuniuliza abonyeze wapi. Sikuwa nimeomba alama ya kidole. Nikachora kisanduku.

Niliuliza maswali yote kwa makini. Kuna mtoto chini ya miaka mitano? Hiyo ni kwa ajili ya chekechea ya kambi. Kuna mgonjwa, kuna mlemavu, kuna mzee asiyeweza kutembea? Hiyo ni kwa ajili ya maombi. Walijibu kwa utulivu na kwa kirefu. Akiru alirudi mara mbili kunikumbusha kwamba yule mjukuu wa mwisho ni mdogo sana.

Kadi zote mia tatu zimekwisha kabla ya saa nane.

Nimeandika pembeni ya daftari: watu hawavutwi na maneno, huvutwa na kuandikwa. Sijui kwa nini makanisa mengine hayajaligundua hili.

Jumatatu, 11 Agosti

Abdiwali amenitolea kadi nyingine mia tano. Aliziharakisha, wateja wengine wakangoja.

Leo nimezunguka Burat. Sikuhitaji kutangaza. Walikuwa wananingoja. Mama mmoja alinitolea kiti, mwingine kivuli, mwingine chai ya maziwa. Hapakuwa na chai ya maziwa nilipopita mwezi wa nne na bahasha za sadaka.

Fardosa, anayeuza maziwa karibu na soko, aliniita kando. Alisema salaam aleikum, nikajibu vizuri, nimejifunza. Akaniuliza, "Karani, hii ni ya wote ama ni ya Wakristo peke yao?" Nilimjibu kwamba neema haibagui. Kule Kentucky Wapresbiteri, Wamethodisti na Wabaptisti walikaa uwanja mmoja. Akasema yeye hao hawajui, lakini kama haibagui basi nimwandike, wako saba, na Mungu anijalie maana safari hii angalau mambo yana haki. Nikamwandika. Kwenye safu ya maoni nikaandika: "Ana kiu."

Jumla: kadi mia sita na kumi na mbili, nikihesabu mtu mmoja kwa kila kadi. Mia tatu niliahidi. Mia sita watalala wapi? Lakini tatizo la watu kuzidi ni tatizo la washindi.

Jeremy alinikuta nikinakili majina. Alifungua daftari, akasoma ukurasa mmoja, akasoma mwingine, akafunga mdomo kwa kiganja. Nilimwuliza kama ana maoni. Akasema, "Hapana, Profesa. We endelea tu. Utajaza." Akaondoka mabega yakimtetemeka. Nadhani alikuwa akilia. Si rahisi kwa kijana kuiona meza ikimponyoka.

Jumatano, 13 Agosti

Uwanja uko tayari. Jukwaa la mbao kwa kuwa visiki vimekataliwa. Mahema manne.

Mbele ya jukwaa nimeweka benchi refu. Katika mikutano ya mipakani walikuwa na benchi la namna hii, la mtu aliyechomwa na dhambi zake, mwenye hofu ya roho yake, kuja kukaa mbele ya wote mpaka apate amani. Nimelijaribu mwenyewe. Linanifaa.

Kando ya benchi nimetandaza nyasi kavu, mikokoteni miwili. Ni za watu kuangukia. Nimeteua mashemasi wawili wa kudaka. Mmoja aliniuliza adake nani. Nikamwambia atamjua akianza kuanguka. Akauliza kama mtu huyo akiwa mzito ni lazima. Nikasema ajitahidi.

Hofu yangu moja: Mama Everlyne, mwenyekiti wa akina mama na mkuu wa jikoni, yuko Lodwar kwenye mazishi mpaka kesho kutwa. Amenunua mahindi na maharagwe ya watu mia tatu. Nimempigia simu hakuna mtandao. Lakini watu wenye njaa ya neno hula kidogo. Hilo limo kwenye tasnifu.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamekuja!

Saa nne tu nilihesabu mia tatu na arobaini. Nilihesabu mara tatu, mara ya tatu machozi yakanichanganya. Barua ni yangu. Mama hahami.

Na jinsi walivyokuja. Kule Kentucky walikuja na mikokoteni ya farasi. Hapa wamekuja na punda. Nimehesabu punda hamsini na mmoja wamefungwa kwenye ua. Kila familia ina magunia matupu, mapya na ya zamani, yaliyokunjwa vizuri. Ya kulalia, bila shaka. Wengi wana madumu ya lita tano, matupu na safi. Ya maji. Watu wa hapa hujiandaa. Mimi nimeleta mto na dawa ya mbu.

Nyasi za kuangukia zimeliwa na punda.

Benchi la wenye hofu limejaa tangu asubuhi. Watu arobaini na wawili walipokezana kulikalia, nyuso zimeinama. Niliwahesabu kwa furaha. Mchungaji Msaidizi anasema ndipo penye kivuli cha mgunga. Kila uamsho una wapinzani wake.

Ibada ilikuwa ya utulivu ajabu. Walikaa kwa muda wa saa tatu bila kuondoka. Kila mhubiri aliposimama, walipiga makofi. Alipomaliza, walipiga makofi. Kila baada ya maneno machache, Amina. Mzee Atabo alisema Amina hata kwenye matangazo ya vyoo. Sijaona watu waliozoea kungojea hotuba ziishe kama hawa.

Mama Everlyne alifika saa tisa na mkoba wake wa safari. Alisimama langoni. Alitazama punda, akatazama magunia, akatazama madumu, akanitazama mimi. Akauliza nani ameandika watu majina. Nikasema mimi, na kitambulisho, na idadi ya watu nyumbani. Akakaa juu ya sufuria iliyofunikwa.

"Kijana wa Nkubu," akasema, "hawa watu hawakuja kuimba."

Nilimweleza kwa upole kwamba hata Kentucky wengi walikwenda kuuza pombe na kutazama farasi, na wakaishia kulia machozi ya toba. Akasema hapa pia kutakuwa na kulia, ila anaomba nianze mimi, niwaonyeshe njia. Akaenda kumtafuta Mchungaji. Mchungaji yumo kwenye chumba cha maombi, amefunga, ameagiza asiguswe mpaka kesho asubuhi.

Mama Everlyne amechoka na safari. Nimempa pole.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa stoo ya viti. Jua bado liko juu.

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa mbili, watu elfu moja na mia moja. Kadi nilizotoa mpaka Alhamisi ni mia nane. Wengine walikuja na kadi za majirani, wengine na vitambulisho tu, endapo vingetosha. Abdiwali mwenyewe alimleta mama mkwe wake kwa gari na magunia mawili.

Saa tatu foleni ilijipanga. Haikuwa imetangazwa. Ilianzia kwenye jukwaa, ikazunguka mahema, ikatoka langoni. Kimya, kadi mkononi. Nilikimbia kumwambia Mchungaji kwamba kuna foleni ya toba, nimeiona kwa macho yangu. Mchungaji alitoka, akaitazama muda mrefu. Sauti yake ikaanza kushuka.

Kabla haijafika chini, Akiru, yule bibi wa makaa, alinivuta shati. Alikuwa ametoka Ngaremara kabla ya jua, kwa miguu, na wajukuu watatu. Alinisalimia vizuri. Akauliza habari ya kazi, akauliza habari ya nyumbani kwetu Meru kama mvua iko. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, "Sasa karani, lori iko wapi?"

Lori gani, nikauliza.

"Ya unga."

Nimesoma miaka kumi na saba. Yote iliniingia kichwani kwa pamoja, na wala haikunisaidia. Kilo za Abdiwali. Kidole gumba cha Atabo. Watoto chini ya miaka mitano. Hapa mtu haji na daftari kukuuliza kitambulisho na idadi ya midomo nyumbani kwako ila kwa jambo moja, chakula cha msaada. Wamefanyiwa hivyo kila ukame tangu wazazi wao. Kila mtoto Isiolo anajua. Nkubu mvua hunyesha, hatujui.

Nilikwenda stoo kutafuta kiti. Nilikitafuta nikiwa nimejifungia ndani.

Mama Everlyne aligonga. Nilisema hakuna mtu. Akasema mtu huyo asiyekuwepo afungue, maana chifu amefika na anauliza ni nani anayeandikisha watu bila idhini. Nilimwuliza kama Jeremy hawezi kuwaeleza, kwa kuwa yeye ni mwenyeji na ana spika. Jeremy alikuwa nyuma yake. Hakuwa akicheka tena. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama wangu. Alisema aliona kitambo, alidhani watakuja hamsini, iwe kichekesho. Akasema, "Profesa, kuna nyanyangu kwa hiyo foleni."

Mama Everlyne alisema hana haja ya kujua nani mjinga zaidi. "Wewe ndio uliandika. Wewe ndio utasema."

Nikapanda jukwaani. Ngazi tatu. Niliziona ni nyingi. Watu elfu moja na mia moja wakapiga makofi.

Nilisema majina niliandika kwa ajili ya kambi. Nilisema kadi ni ya Meza ya Bwana. Nilisema hakuna lori, halikuwepo, wala hakuna anayelituma. Jeremy alitafsiri kwa Kiturkana, na niligundua kwamba kwa Kiturkana ilichukua maneno machache sana. Nilisema kosa ni langu. Nilitaka kutaja Kentucky. Mama Everlyne, aliyekuwa chini, alitikisa kichwa.

Alijibu punda mmoja tu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si mawe, ingawa niliyafikiria mawe pia. Niliogopa kuwatazama. Kulikuwa na mtu wa mbele aliyekuwa akikunja gunia lake taratibu, kona kwa kona, kama shuka.

Nilitoa daftari nikasema nitalichana sasa hivi mbele yao. Mzee Atabo akainuka. Akasema, "Wewe, acha! Usiguse."

Alisema mwaka ule wa ukame mkubwa waliandikwa wakasahauliwa, lori likaja miezi sita baadaye, na waliopata ni wale ambao jina lilibaki kwenye karatasi. Jina likishaandikwa si la kufuta. Nimpe chifu. Siku moja mtu ataliuliza. Watu wakasema Amina, na safari hii ilikuwa Amina nyingine.

Akiru alisema tena yeye haendi Ngaremara kwenye jua hili na tumbo tupu, na kama hakuna unga, hakuna hata chai?

Mama Everlyne alishawasha moto. Mahindi na maharagwe ya watu mia tatu yakagawanywa kwa elfu moja na mia moja, nusu kikombe, watoto kwanza. Nilipakua mimi. Nilitaka niandike kwamba kulibaki vikapu kumi na viwili. Hakukubaki hata ukoko. Nyanya yake Jeremy alipofika kwangu aliuliza kama ndiye mimi. Nikasema ndiye. Akanitazama juu mpaka chini, akasema basi nile na mimi, siku ya kesho nitahitaji nguvu.

Fardosa ndiye pekee aliyeondoka ameridhika. Alikuja na maziwa ya kuuza, endapo foleni ingekuwa ndefu.

Jumapili, 17 Agosti

Watu wapatao mia nne walibaki kwa ibada. Wengine walikuwa wamechoka, wengine walitaka kuona nitafanywa nini.

Jeremy alipiga kinanda bila spika, umeme ulikatika. Akina mama wa Ngaremara walianza kuimba kwa Kiturkana, wakaimba karibu saa nzima, na hakuna aliyeongoza. Mchungaji alifunga karatasi zake za mahubiri akakaa chini kusikiliza. Watu ishirini na sita walikwenda mbele kuombewa. Mmoja wao alikuwa shemasi wa kudaka.

Hakuna aliyeanguka. Sina la kuficha.

Baada ya ibada niliitwa. Niliingia na sanduku langu tayari, nimelifunga kwa kamba. Chifu alikuwa ametoka muda si mrefu na daftari langu kwapani. Alisema angelipeleka mbele, halijawahi kuandikwa daftari safi namna hiyo, na mimi nisionekane katika eneo lake kwa mwaka mmoja.

Mchungaji alinong'ona hata nikalazimika kuinama. Alisema yeye ni mtu wa ahadi. Mia tatu nilisema, na elfu moja na mia moja nimeleta, na hakuna mahali kwenye ahadi tuliposema waje kwa sababu gani. Akasaini barua ya kudumu mbele yangu. Nikaanza kulia. Akasema nisilie kabla sijasoma mstari wa pili.

Mstari wa pili: kituo cha kazi, Oldonyiro, mwisho wa kaunti upande wa magharibi.

Jeremy anachukua meza ya hapa. Nilimkabidhi mafaili kwa orodha, akasaini, akaipoteza orodha kabla hatujafika mlangoni. Tulipeana mkono. Alisema, "Pole, Profesa." Nikamwambia ajihadhari na droo ya pili, inabana.

Nimempigia mama. Nimemwambia nimepandishwa cheo na kupewa upande wa magharibi. Hakuuliza wa nini.

Jumanne, 19 Agosti

Oldonyiro. Kanisa la mabati, waumini thelathini na mmoja, vumbi mpaka kwenye Biblia. Ofisi haina mlango, kwa hiyo siwezi kujifungia. Nililigundua hilo mapema.

Nimelala vizuri. Nimetafakari kwa uaminifu kosa langu la Burat, bila kujihurumia. Kosa lilikuwa kuandika watu. Mama Everlyne aliponisindikiza alinishika bega akasema huko ninakokwenda nisiandike chochote, hata barua. Ni ushauri mzuri, na nimeuzingatia kwa asilimia kubwa.

Kwa hiyo hapa sitamwandika mtu yeyote. Hata mmoja. Hakuna vitambulisho, hakuna kadi, hakuna watoto chini ya miaka mitano.

Leo nilipita kwenye mnada wa mifugo. Mamia ya watu, kanisa la watu thelathini na mmoja mita mia mbili kutoka hapo. Wachungaji wa mipakani hawakungoja kondoo waje kanisani, walipanda farasi wakawafuata. Nitafanya ibada ya kubariki mifugo. Mnada ujao nitazunguka na daftari jipya, boma kwa boma, nimwulize kila mzee kwa heshima ana ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, ngamia wangapi, ili niwaombee kwa idadi kamili. Na wangapi walikufa katika ukame uliopita, wa rangi gani na wa umri gani, ili nimfariji ipasavyo.

Tayari nimemjaribu mzee mmoja kwa mfano. Alinitazama kwa makini, akatazama daftari, akaniuliza niko upande gani, wa chanjo, wa kodi ama wa fidia. Nikamwambia niko upande wa baraka. Akaniambia ningoje hapohapo, anakwenda kuwaita wenzake.

Nimeuliza maswali yote magumu safari hii, mimi ni mtu mwangalifu, na sioni hatari yoyote. Sijawahi kusikia mtu akikasirika kwa sababu mbuzi wake wamehesabiwa.